UZI: ALT iko juu, virusi hakuna, ANA imetoka chanya. Tusome vipimo vya AIH, PBC na PSC kwa utaratibu

#1 Nyongo_Chungu

Wakuu, habari za saa hizi.

Swali hili hurudi kila baada ya muda: mgonjwa macho ya njano, HBsAg hasi (homa ya ini B hakuna), anti-HCV hasi (homa ya ini C hakuna), pombe hanywi, ANA (kingamwili zinazolenga viini vya seli za mwili) imetoka chanya, basi prednisoloni (steroidi ya kutuliza kinga) imeshaandikwa. Nimefungua uzi ili tuliweke sawa. ANA peke yake haitoshi kumpa mtu ugonjwa wa ini wa kinga kujishambulia, hasa katika ukanda wetu ambako malaria, HIV, kichocho na kala-azar (ugonjwa wa vimelea unaovimbisha wengu) vyote vinaweza kuisukuma damu itoe kingamwili za kila aina.

Magonjwa yenyewe ni matatu. AIH (autoimmune hepatitis) ni homa ya ini ambayo kinga inashambulia seli za ini zenyewe. PBC (primary biliary cholangitis) inakula vijirija vidogo vya nyongo ndani ya ini. Zamani C hiyo ilikuwa cirrhosis, yaani sirosisi (ini kujaa makovu), jina likabadilishwa mwaka 2015 kwa kuwa wagonjwa wengi hugunduliwa kabla ini halijasinyaa. PSC (primary sclerosing cholangitis) huleta makovu na mibano kwenye mirija ya nyongo, ndani na nje ya ini.

Kabla hujagusa kingamwili yoyote, piga hesabu moja. Chukua ALT (kimeng'enya cha seli za ini) ugawe kwa kikomo chake cha juu. Chukua ALP (kimeng'enya kinachopanda nyongo isipopita) ugawe kwa kikomo chake. Jibu la kwanza ligawe kwa la pili. Ukipata zaidi ya 5, aliyeumia ni seli ya ini, fikiria AIH na wenzake. Chini ya 2, tatizo ni nyongo kutopita, fikiria PBC, PSC au kizuizi. Katikati ni mchanganyiko. Hesabu hii ilibuniwa kwa ajili ya ini lililoumizwa na dawa, ila hapa inasaidia sana kujua uanzie mlango upi.

Tuseme mama wa miaka 44, kilo 60, uchovu miezi minne, macho njano wiki mbili:

ALT 612 (kikomo 40), AST (kimeng'enya kingine cha ini) 540, ALP 168 (kikomo 120), GGT (kimeng'enya kingine cha nyongo) 95, bilirubini jumla 86 µmol/L, protini jumla 88 g/L, albumini 29 g/L, INR (kipimo cha damu kuganda) 1.4, plateleti (chembe za kugandisha damu) 138. HBsAg, anti-HCV na HIV hasi.

612/40 ni 15.3. 168/120 ni 1.4. Jibu ni karibu 11. Huyu ni wa seli za ini. Sasa toa albumini kwenye protini jumla: 88 kutoa 29 ni 59. Hiyo ndiyo globulini, na ikishapita 40 una sababu ya kutafuta IgG (aina kuu ya kingamwili damuni). Hospitali nyingi za wilaya hazina kipimo cha IgG lakini zina protini jumla na albumini, na karibu hakuna anayefanya hesabu hiyo ya kutoa.

Karibuni. Watu wa maabara mtusahihishe.

#2 MaabaraKwanza

Mkuu umefungua pazuri. Nianze na kinachoharibika kabla sampuli haijafika mashineni, maana huko ndiko majibu mengi ya ajabu yanakozaliwa.

INR: tyubu ya kifuniko cha bluu ina sitreti, uwiano ni sehemu tisa za damu kwa moja ya dawa. Tyubu ikijaa nusu, sitreti inazidi, INR inapanda kwa uongo. Daktari anaona 1.9, anaahirisha biopsi (kuchukua kipande cha ini), kumbe tyubu haikujazwa. Irudie kabla ya kuamua lolote.

AST: sampuli iliyovunjika chembe nyekundu inapandisha AST na LDH. Misuli nayo hutoa AST, hata ALT kiasi. AST ikiwa juu kuliko inavyoeleweka, omba CK (kimeng'enya cha misuli).

ALP: mfupa na kondo la nyuma huitoa pia. Kijana anayekua na mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho watakuwa na ALP juu bila ugonjwa wa ini. GGT ikiwa kawaida, angalia mfupa kwanza. Kwa watoto usitegemee ALP kabisa kutafuta ugonjwa wa mirija, GGT ndiyo ya kuaminiwa.

Vizio vya vipimo: bilirubini kutoka µmol/L kwenda mg/dL gawa kwa 17.1. IgG ya 1600 mg/dL ndiyo 16 g/L. Kuna watu wamesoma 28 wakadhani ni ndogo kwa sababu walizoea karatasi yenye maelfu.

Sasa kingamwili zenyewe. Njia inayopendekezwa kwa magonjwa ya ini ni kuangalia kwa hadubini ya mng'aro kwenye tishu tatu za panya pamoja: ini, figo na tumbo. Maabara nyingi hazina slaidi hizo, zinatumia seli za HEp-2 (seli za binadamu zilizooteshwa maabara) au ELISA (kipimo cha mashine) ya ANA iliyotengenezwa kwa ajili ya lupus, ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia. Hapo kuna mitego miwili. HEp-2 ni nyepesi kuwaka. Dilusheni ya 1:80 (damu imezimuliwa mara 80 na bado inawaka) utaikuta kwa watu wazima wenye afya zao. Kiwango cha 1:40 kinachosomwa vitabuni ni cha tishu ya panya, si cha HEp-2. Mtego wa pili, ELISA yenye antijeni chache za lupus inaweza kutoa hasi kwa mgonjwa wa AIH kamili. Kwa hiyo kwenye jibu tuandike njia iliyotumika, dilusheni na sura ya mng'aro. Neno "chanya" tupu halimsaidii mtu.

#3 Mwanafunzi_MD4

Shikamooni wakubwa. Naomba kuelewa kingamwili ipi inakwenda na ugonjwa upi, maana darasani tulipewa jedwali la kukariri tu.

#4 MaabaraKwanza

Marahaba. Twende kwa jinsi zinavyoonekana, utakumbuka zaidi.

AIH ya aina ya kwanza ina ANA, SMA (kingamwili dhidi ya misuli laini) au zote mbili. SMA yenye maana kwenye figo ya panya inawaka mishipa, glomeruli na vijirija vyote vitatu kwa pamoja. Ikiwaka mishipa tu, usiipe uzito mkubwa, maambukizi mengi huileta.

Aina ya pili huwapata zaidi watoto na mabinti, nayo ina anti-LKM1 inayolenga kimeng'enya cha CYP2D6, au anti-LC1. Kwa watoto viwango vya kukubali ni vya chini: ANA na SMA kuanzia 1:20, LKM1 kuanzia 1:10. Maabara inayoanza kuchanganya kwa 1:80 itamkosa mtoto.

Anti-SLA/LP haionekani kwa hadubini hata ungekodoa macho. Inataka ELISA au ukanda wa imunobloti. Ni wagonjwa wachache wanayo, lakini ikiwepo ni ushahidi mzito wa AIH.

PBC ina AMA (kingamwili dhidi ya mitokondria) kwa asilimia 90 hadi 95 ya wagonjwa, ikilenga PDC-E2 ya mitokondria. Kosa la kawaida hapa ni kuchanganya AMA na LKM1, maana zote zinawaka figo. Tofauti: AMA hupendelea vijirija vya mbali na inawaka seli za tumbo, LKM1 inawaka vijirija vya karibu na ini, tumbo linabaki giza. Ndiyo sababu tishu ziwe tatu.

Mgonjwa wa PBC asiye na AMA angalia ANA yake vizuri. Vidoti vingi ndani ya kiini ni sp100. Pete kuzunguka kiini ni gp210, na huyo mfuatilie kwa karibu zaidi kwani mwenendo wake huwa mbaya.

PSC haina kingamwili yake. p-ANCA (kingamwili dhidi ya seli nyeupe za damu) hutokea mara nyingi ila haithibitishi kitu.

#5 Ziwa_Magharibi

Nichangie upande wa maambukizi, maana huku kanda ya ziwa hili ni la kila siku.

Kichocho cha tumbo kinaweza kumleta mgonjwa na wengu kubwa, anatapika damu, plateleti 60, mtu akasema sirosisi ya AIH. Ukiangalia albumini na INR ziko vizuri na ALT karibu ya kawaida. Kichocho huweka makovu kuzunguka mshipa mkuu wa ini na matawi yake, seli za ini zinaendelea kufanya kazi. Ultrasaundi inaonyesha kuta nene nyeupe zinazofuata mshipa. Huyo anahitaji prazikwanteli 40 mg kwa kilo na endoskopi ya mishipa ya umio, siyo azathioprini (dawa ya kushusha kinga).

Kala-azar ni hatari zaidi. Homa ndefu, wengu kubwa, damu pungufu, globulini juu mno, na ANA au SMA zinaweza kutoka chanya. Ukimpa prednisoloni umemmaliza. Mgonjwa akitoka Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Sudan Kusini au mashariki ya Uganda, kipimo cha rK39 (kipimo cha haraka cha kala-azar) kifanyike kwanza, na kumbuka rK39 katika Afrika Mashariki hukosa wagonjwa zaidi kuliko India, kwa hiyo hasi haifungi mlango ikiwa dalili zinaelekea huko. Aspireti ya uboho (uboho unaovutwa kwa sindano) ndiyo itaamua.

Wengu kubwa la malaria ya kujirudia hupandisha IgM (kingamwili nyingine, ambayo PBC nayo huipandisha) kupita kiasi. Msidhani kila IgM ya juu ni PBC. Na HIV isiyotibiwa hupandisha IgG bila ini kuguswa.

#6 Nyongo_Chungu

Asante sana mkuu. Hapo ndipo alama rahisi za 2008 (mfumo wa kuhesabu kama mgonjwa ana AIH) zinapohitaji akili ya ziada. Kwa ambao hawajazitumia: ANA au SMA 1:40 ni alama 1, 1:80 na kuendelea ni 2, LKM1 kuanzia 1:40 au SLA chanya nayo 2, lakini kingamwili zote kwa pamoja hazizidi 2. IgG juu ya kikomo ni 1, ikizidi kikomo mara 1.1 ni 2. Biopsi inayokubaliana ni 1, ya kawaida kabisa ya AIH ni 2. Kutokuwepo homa ya ini ya virusi ni 2. Sita ni "huenda", saba na zaidi ni "hakika".

Turudi kwa mama yetu. Tuseme ANA 1:160, SMA 1:80, IgG 28 kwa kikomo cha 16. Kingamwili 2, IgG 2, virusi 2. Jumla 6 bila biopsi. Sasa mchukue mgonjwa wa kala-azar mwenye SMA 1:80 na IgG 40: naye anapata 6! Alama hizi hazikutengenezwa kwa watu wenye mzigo wa maambukizi kama wetu. Ndiyo maana mimi naona biopsi kwetu ina thamani kubwa kuliko Ulaya.

Upande mwingine, AIH ya ghafla na kali inaweza kuwa na IgG ya kawaida na ANA hasi. Usiiache kwa sababu alama hazikutimia.

#7 Mombasa_Kliniki

Wadau, mmesahau miraa.

Ini lililoumia kwa utafunaji wa miraa limeripotiwa mara kadhaa, Uingereza kwa wagonjwa wenye asili ya Somalia na Yemen, na Ethiopia mashariki pia. Linaweza kuiga AIH kila kitu: ANA, SMA, IgG, hata biopsi. Mtu akiacha, ALT inashuka. Akirudia, inapanda tena. Hapa Kenya ni biashara halali na mgonjwa atakwambia. Huko Tanzania mirungi ni kosa la jinai, hivyo ukimuuliza mbele ya ndugu zake atakataa. Muulize peke yake, na uliza kwa majina yote: miraa, mirungi, gomba, muguka.

Kwenye orodha hiyo ya maswali ongeza nitrofurantoini (mama anayetibiwa mkojo mara kwa mara), minosaiklini ya chunusi, izoniazidi, efavirenzi kwa waliokuwa wakiitumia zamani, na dawa za mitishamba. Kwa mitishamba swali "unatumia dawa za kienyeji?" hujibiwa hapana. Uliza "unakunywa nini cha kusafisha damu au kupunguza tumbo?" utapata jibu.

Na virusi visiishie HBsAg na HCV. Manjano ya ghafla inataka IgM ya homa ya ini A na E. Umri chini ya miaka 40, omba seruloplazmini kwa ugonjwa wa Wilson (shaba kujaa mwilini).

#8 Fundi_Hadubini

Nimesubiri mfike kwenye biopsi.

Sindano namba 16, kipande kisichopungua milimita 15, na kiwe na maeneo ya potali (mishipa na vijirija vya nyongo vinapopita pamoja) yasiyopungua sita. Ukinipa milimita 25 na maeneo 11 nitakushukuru. Plateleti zaidi ya 50 hadi 60, INR chini ya 1.5. Mgonjwa mwenye maji mengi tumboni asichomwe kupitia ngozi.

Kipande kiingie moja kwa moja kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa, kiasi mara 10 hadi 20 ya ujazo wa kipande. Tafadhalini msikiweke kwenye chumvi ya dripu "kwa muda". Seli zinavimba, na hakuna rangi itakayozirudisha. Msikilaze juu ya shashi kavu pia, kinakatika vipande.

Rangi za kuomba: H&E, retikulini, trikromi ya Masson, PAS yenye dayastesi, na oseini ikipatikana kwani inaonyesha protini inayoshika shaba (PBC na PSC za muda mrefu) pamoja na HBsAg ndani ya seli. Hiyo ya mwisho imewahi kuumbua "AIH" nyingi.

Ninachotafuta kwa AIH: limfosaiti na seli za plazma (seli za kinga) zinazovuka mpaka wa eneo la potali na kula seli za ini za pembeni. Mashambulizi hayo ya mpakani pia hutokea kwa homa ya ini B, C na dawa, hivyo usitegemee neno hilo moja kwenye ripoti. Katika AIH kali ya ghafla uharibifu unaweza kuwa kuzunguka mshipa wa katikati, maeneo ya potali yakawa karibu salama.

PBC: kirija kilichozungukwa na limfosaiti na granuloma (vishada vya seli za kinga), ukuta umepasuka. Granuloma kwetu ni kifua kikuu na kichocho mpaka vikanushwe, hivyo naomba ZN (rangi ya kuonyesha vijidudu vya kifua kikuu) na ninatafuta mayai. PSC: nyuzi za kovu kama maganda ya kitunguu kuzunguka kirija, ila hazipatikani kwenye vipande vingi, kwa hiyo PSC haisubiri biopsi.

Ombi moja. Andikeni kwenye fomu kama mgonjwa ameshameza prednisoloni na kwa siku ngapi. Wiki mbili za dawa zinatosha kufuta nusu ya ninachotafuta, halafu narudisha ripoti isiyosema lolote na lawama inakuja kwangu.

#9 Mwanafunzi_MD4

Daktari, biopsi ikiwa haipo kabisa na mgonjwa anazidi kuwa mbaya, tunangoja?

#10 Nyongo_Chungu

Hapana. INR ikishafika 1.5 na manjano inaongezeka, muda ni adui. Kwanza vitamini K miligramu 10 kwa mshipa, polepole. INR ikishuka ndani ya siku moja, ilikuwa upungufu wa vitamini K kwa sababu nyongo haipiti, ini lenyewe bado lina nguvu. Isiposhuka, ini linashindwa.

Ukishaondoa virusi, kala-azar na maambukizi mengine makali, anza prednisoloni huku ukiandaa rufaa siku hiyo hiyo. Bilirubini na INR zisipoonyesha unafuu ndani ya siku 7 hadi 14, kuendelea na dozi kubwa kunaleta vimelea na fangasi tu. Akianza kuchanganyikiwa, swali tayari ni upandikizaji, na kwa wagonjwa wengi wa kanda hii hiyo ni safari ya India, pamoja na ndugu wa kutoa kipande cha ini. Familia iambiwe mapema, siyo siku ya kuzimia.

#11 Dozi_Kamili

Upande wa dawa niachieni.

Kabla ya kidonge cha kwanza cha prednisoloni: HBsAg na anti-HBc (alama ya kuwahi kupata homa ya ini B), HIV, dalili za TB na picha ya kifua, sukari, presha, uzito, CBC (hesabu ya chembe za damu). HBsAg ikiwa chanya, tenofoviri (dawa ya kudhibiti virusi hivyo) itangulie. Anti-HBc peke yake, fuatilia au linda kulingana na dozi. Minyoo ya Strongyloides inaweza kusambaa mwili mzima mtu akiwa kwenye steroidi, hivyo wengi hutoa ivermektini mikrogramu 200 kwa kilo. Mgonjwa aliyeishi misitu ya Kongo mchunguze Loa loa kabla, kwani ivermektini kwa mwenye wadudu wengi wa Loa damuni huleta madhara ya ubongo.

Mama wa kilo 60 mwenye AIH: prednisoloni 0.5 hadi 1 mg kwa kilo. Ukianza na 60 mg na duka lina vidonge vya 5 mg tu, ni vidonge 12 kwa mkupuo asubuhi. Mwambie kabla hajatoka dirishani. Vinginevyo atadhani mfamasia amekosea, atameza viwili, na baada ya mwezi mtasema dawa imegoma. Wiki ya pili 50, ya tatu 40, ya nne 30, kisha shusha taratibu mpaka 10 karibu na wiki ya kumi. Azathioprini isianze siku moja nayo. Subiri kama wiki mbili, bilirubini iwe chini ya 100 µmol/L, anza 50 mg, panda hadi 1 au 2 mg kwa kilo. Ukizianzisha pamoja na ALT ikapanda, hutajua ni ugonjwa au dawa.

TPMT (kimeng'enya kinachovunja azathioprini) ikipatikana pima. Isipopatikana, CBC kila wiki kwa wiki nne za kwanza, halafu kila miezi mitatu. Seli nyeupe zikiporomoka chini ya 3.0 simamisha. Maumivu makali ya tumbo wiki za mwanzo, pima lipesi (kimeng'enya cha kongosho), kongosho linaweza kuwa limechokozwa. Na tafadhali, alopurinoli ya gauti pamoja na azathioprini ni sumu ya uboho. Ikibidi zikutane, azathioprini ishuke hadi robo.

Budesonidi (steroidi nyingine) 9 mg ina madhara machache kwa mtu asiye na sirosisi. Mwenye sirosisi asiipewe, damu inalikwepa ini na dawa inazagaa mwilini. Anayetumia ritonaviri (dawa ya HIV) asiipewe kabisa.

Kalsiamu na vitamini D kuanzia siku ya kwanza. Mikofenoleti (dawa nyingine ya kushusha kinga) ni ya akiba, na ni marufuku kwa mjamzito. Azathioprini inaweza kuendelea wakati wa ujauzito.

#12 Mombasa_Kliniki

Naomba nipinge kidogo hapo kwa 60 mg. Mama mwenye kisukari au mifupa dhaifu, 30 mg na azathioprini baadaye inaweza kutosha. Kinachoamua ni kasi ya ALT: isiposhuka nusu ndani ya wiki nne, dawa haijajibu, au haimezwi, au ugonjwa siyo huo.

#13 Dozi_Kamili

Sipingi. 30 ndiyo 0.5 kwa kilo, bado iko ndani ya kiwango. Manjano ikiwa nzito ndipo sikubali kuanza chini.

#14 Nyongo_Chungu

Lengo ni ALT, AST na IgG zote kawaida ndani ya miezi sita. ALT kawaida huku IgG bado 22 ina maana moto unawaka chini kwa chini. FibroScan (kifaa cha kupima ugumu wa ini) isubiri hadi miezi sita hiyo ipite, maana ini lililovimba linasomeka gumu kuliko lilivyo. FIB-4 (hesabu ya makovu kwa umri, AST, ALT na plateleti) nayo ni vivyo hivyo: mama yetu anapata karibu 7 kwa sababu AST ni 540, haina maana ana sirosisi. Dawa zisiachwe kabla ya miaka mitatu ya tiba, na miaka miwili kati ya hiyo vipimo viwe safi. Hata hivyo wengi ugonjwa unarudi wakiacha.

#15 Kahama_Nesi

Mbona PBC mmeipita haraka? Mgonjwa anayejikuna usiku kucha, viganja na nyayo, ngozi haina upele, kila mtu anampa dawa ya upele. Ngozi nyeusi inaficha manjano, na mikuno ya muda mrefu inaacha ngozi imekuwa nyeusi zaidi. Nani anafikiria ini?

#16 Nyongo_Chungu

Umenena dada. Mwanamke wa makamo, mwasho bila upele, uchovu, macho na kinywa vikavu: ALP na GGT siku hiyo hiyo. Viwili kati ya vitatu vinatosha kuita PBC: ALP juu kwa muda (mara 1.5 ya kikomo), AMA 1:40 na kuendelea au sp100/gp210, na biopsi. Ukishapata viwili vya kwanza na ultrasaundi haionyeshi kizuizi, sindano huihitaji. Ongeza TSH (kipimo cha tezi), kolesteroli na kipimo cha mifupa.

AMA chanya na ALP kawaida: usitibu. Rudia vipimo kila mwaka. Ufaransa walifuatilia watu wa namna hii wakaona takriban mmoja kati ya sita tu ndiye aliyepata PBC ndani ya miaka mitano.

Kama ALT ni mara 5 ya kikomo, ALP mara 2, AMA ipo, IgG mara 2 au SMA ipo, magonjwa mawili yanaweza kuwa yamekutana. Hapo biopsi ni lazima, usiongeze steroidi kwa kubahatisha.

#17 Dozi_Kamili

UDCA (asidi ya nyongo, dawa kuu ya PBC) ni 13 hadi 15 mg kwa kilo kwa siku, maisha yote. Kilo 60: vidonge vitatu vya 300 ni 900 mg, sawa kabisa. Vitatu vya 250 ni 750, yaani 12.5 kwa kilo, pungufu. Pima uzito kila ziara, wengi wanabaki na dozi ya kilo walizokuwa nazo zamani. Bei ni kikwazo, na anayemeza siku akiwa na pesa utamsoma kama "hajajibu dawa". Tathmini ni baada ya miezi 12. ALP ikibaki zaidi ya mara 1.67 ya kikomo, fikiria bezafibrati 400 mg mahali inapopatikana. Elafibranori na seladelpari ziliidhinishwa Marekani mwaka 2024. Asidi ya obetikoliki msiikimbilie tena. Ulaya ilifutiwa kibali 2024 na Marekani imeondolewa sokoni, na kwa mwenye sirosisi iliyokomaa ni hatari.

Mwasho: kolestiramini 4 g, itengwe kwa muda wa saa nne na UDCA, la sivyo inaibeba UDCA yote kwenda chooni. Rifampisini 150 hadi 300 mg inasaidia kweli, lakini kwetu ina masharti matatu. Kanusha TB kwanza, ukiitoa peke yake kwa mwenye TB unatengeneza usugu. Inashusha dolutegraviri (dawa ya HIV), hivyo mtumiaji wa TLD (kidonge chenye dolutegraviri) anahitaji dolutegraviri 50 mg ya pili. Na vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi tena. Pima ini wiki ya 2, ya 6 na ya 12.

#18 Ziwa_Magharibi

PSC kwa kifupi, maana ni adimu kwetu lakini inakosewa. Mara nyingi ni mwanaume wa miaka 30 hadi 40, ALP juu, homa na manjano vinakuja na kuondoka. MRCP (picha ya MRI ya mirija ya nyongo) inaonyesha mibano na mipanuko inayopokezana. ERCP (kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye mirija) isitumike kupiga picha tu, inaleta kongosho na maambukizi. Kabla ya kuita PSC: HIV yenye CD4 (seli za kinga) chini ya 100 huleta mirija ya sura hiyo hiyo, minyoo ya Ascaris huingia kwenye mirija, na pima IgG4 kwa sababu ugonjwa wa IgG4 unajibu steroidi wakati PSC haijibu.

Theluthi mbili hivi ya wagonjwa wana kolaitisi (uvimbe wa utumbo mpana), mara nyingi upande wa kulia na bila kuharisha. Kolonoskopi ifanywe siku ya utambuzi, ichukuliwe vipande hata utando ukionekana mzima, na irudiwe kila mwaka mmoja au miwili kwa mwenye kolaitisi. UDCA ya dozi kubwa, 28 mg kwa kilo, ilidhuru wagonjwa kwenye jaribio la Marekani lililochapishwa 2009. Msirudie.

#19 Mwanafunzi_MD4

CA 19-9 (kipimo cha damu cha alama ya saratani) inafaa kufuatilia saratani ya mirija kwa hawa?

#20 MaabaraKwanza

Kwa tahadhari. Maambukizi ya nyongo huipandisha, kwa hiyo usiipime katikati ya homa. Tibu, kisha rudia. Na mtu asiye na antijeni ya Lewis (alama ya kurithi kwenye chembe za damu) haitengenezi kabisa, saratani iwepo isiwepo. Waafrika wa namna hiyo ni wengi kuliko Wazungu. Ikitoka chini ya kiwango cha mashine, andika hivyo hivyo kwenye faili: kwa mgonjwa huyo kipimo hiki hakisomeki, tegemeeni picha.